Kisahani cha Bingwa Mkononi mwa Anayeanza

Kwenye uwanja wa shule moja ya sekondari huku Likoni, visahani vitatu vilikuwa vimewekwa juu ya benchi. Viwili vilikuwa vya mbao, vimechakaa, vimezungushiwa ukingo wa chuma ulioshika kutu kwa chumvi ya bahari. Cha tatu kilikuwa kipya: plastiki nyeusi katikati, ukingo mnene wa chuma unaong'aa. Vyote vilikuwa vya kilo moja, uzito wanaorusha wasichana. Huna haja ya kuambiwa foleni ilikuwa ya kipi.

"Mwalimu, mimi hicho cheusi," akasema msichana wa kidato cha pili, mwembamba kama ufito. Akakirusha mara tatu. Mara zote kilitoka mkononi kikitikisika kama kifuniko cha sufuria kilichoanguka sakafuni, kikainua pua, kikasita hewani, kikashuka upande wa kushoto. Kisha akachukua cha mbao kwa sababu zamu ya cheusi ilikuwa imempita. Akarusha vilevile, kwa nguvu zilezile. Nikapima kwa hatua zangu: hatua nne mbele ya alama yake bora, na kilitua kimelala.

"Mwalimu, hicho kipya kibovu."

"Si kibovu, mwanangu. Hakijakujua tu."

Jibu lile lilinichekesha, lakini lina fizikia ndani yake kuliko linavyosikika.

Kisahani hakiruki kama jiwe. Jiwe hutegemea nguvu ya mkono na pembe ya kurushia, basi. Kisahani ni bawa la mviringo. Hewa inayopita juu na chini yake hukiinua, mradi kibaki kimelala sawa kuelekea kinakokwenda. Kinachokilaza sawa ni mzunguko. Kila aliyecheza pia utotoni anajua habari hii: pia inayozunguka kwa kasi husimama wima juu ya msumari wake na hata ukiigusa haianguki; ikiishiwa mzunguko, huyumba, huchora duara, hulala. Kisahani ni pia iliyopewa safari. Mzunguko wake hutoka kwenye kidole cha shahada, kinachokuwa cha mwisho kukiaga. Kwa anayerusha kwa mkono wa kulia, kisahani huondoka kikizunguka kama mishale ya saa ukikitazama kutoka juu.

Sasa tazama uzito umekaa wapi. Chukua bamba la kilo moja lililo sawasawa kote, kisha chukua pete ya kilo moja yenye upana uleule. Kwenye mizani hakuna tofauti. Jaribu kuvizungusha, na pete itakutaka juhudi mara mbili ya bamba kabla haijafikia mzunguko uleule, kwa kuwa uzito wake wote uko mbali na kitovu. Ikishazunguka, lakini, pete haikubali kuyumbishwa upesi. Ndiyo maana watengenezaji hutangaza visahani kwa asilimia ya uzito uliowekwa ukingoni: vya kujifunzia huwa karibu asilimia 70, vya mabingwa hupanda mpaka 80 na kuipita 90. Bingwa anayekizungusha kisahani mara sita au saba kwa sekunde hupata pia isiyotikisika mpaka inapogusa ardhi. Msichana wetu ana muda mfupi sana wa kidole kukisukuma. Ukingo mzito humla nguvu zote, hutoka ukizunguka kivivu, na pia ya kivivu huyumba. Ukingo mwepesi unamkubalia. Unazunguka upesi, hata kama mzunguko wenyewe hautadumu sana, na kwa safari ya mita ishirini na kitu hauna haja ya kudumu.

Dereva wa bodaboda angemaliza maelezo haya kwa sentensi moja. Ukipakia abiria wawili ukapanda mwinuko wa Changamwe kwa gia ya nne, pikipiki inakohoa na kuzima. Gia ya nne ndiyo ya mbio, kweli, lakini ni ya mbio za aliyekwisha kupata mbio.

Waliolichimba jambo hili mpaka chini si warushaji wa riadha. Ni wacheza gofu ya sahani, mchezo ambao mashimo yake ni vikapu vya minyororo na mpira wake ni sahani ya plastiki yenye uzito wa gramu 150 hadi 180 hivi. Ulipata sura yake Marekani miaka ya 1970 kwa juhudi za Ed Headrick, mtu aliyeupenda kiasi cha kuagiza majivu yake yachanganywe kwenye sahani baada ya kufa kwake mwaka 2002, na ikafanywa hivyo. Mwaka 1983 Dave Dunipace akabuni sahani yenye ukingo uliochongwa kama makali ya kisu. Tangu hapo sahani ikaacha kuelea kama ile ya kuchezea ufuoni Bamburi, ikaanza kuchana hewa.

Ukizishika mbili hizo, utaitambua tofauti hata ukiwa umefumba macho. Ya ufuoni ni pana, ukingo wake umekunjwa kama wa sinia. Ya gofu ni ndogo kidogo, ukingo wake mnene na wenye ncha. Kwenye zile za masafa, vidole huweza kuingia sentimita mbili na zaidi, na sheria huruhusu mwisho sentimita 2.6. Uzito mwingi umekaa humo ukingoni, sawa na kile kisahani cheusi cha Likoni.

Sahani hizi huandikwa namba nne: kasi, kuelea, kupinda na kuangukia. Kasi huanzia 1 na kufika 14 au zaidi. Hapo ndipo wengi huponzwa. Mtu huona 13 akadhani sahani itampa kasi hiyo, kana kwamba anainunua pamoja nayo. Namba ile ni deni. Inasema: nirushe kwa kasi hii, ndipo nitakapofanya kazi yangu. Usiponifikisha, usinilaumu.

Kisa chake kiko kwenye kitovu cha msukumo wa hewa. Sahani ikienda mbio ikiwa imelala sawa, nguvu ya hewa inayoiinua hukaa nyuma kidogo ya katikati, ikainua mkia na kuinamisha pua. Kitu kinachozunguka, hata hivyo, hakiinami kule kinakosukumwa, bali hujibu kwa ubavu, robo duara mbele. Ukiigusa pia kichwani kwa kidole utaona inakwepa pembeni. Kwa hiyo sahani ya mrushaji wa mkono wa kulia, aliyerusha kwa mkono wa nyuma, hulalia kulia. Mwendo ukipungua, pua ikielekea juu, nguvu ile huhamia mbele ya katikati, na sahani hugeuka ikalalia kushoto. Sahani iliyorushwa vyema huandika herufi S ndefu angani: kulia kidogo, sawa, kushoto, chini. Sahani ya kasi 13 kwenye mkono wa kasi 7 haifiki sehemu ya kwanza ya S hiyo. Inaanzia mwishoni. Inatoka, inageukia kushoto, inajikita mchangani.

Mrushaji dhaifu anahitaji sahani inayopinda kirahisi, ili hata kwa mwendo wake mdogo ipate ile sehemu ya kulia. Innova, kampuni ya Dunipace, ina sahani iitwayo Leopard yenye namba 6, 5, -2 na 1. Kasi ya wastani, kuelea kwingi, kupinda kwa wepesi, kuangukia kidogo. Weka kando yake Destroyer ya kampuni hiyohiyo: 12, 5, -1, 3. Mwenye mkono wa mita 60 akizirusha zote mbili, mara nyingi Leopard ndiyo itakayotua mbele. Atakayebisha na ajaribu. Ubishi wa sahani humalizwa na mguu unaokwenda kuzipima. Wazoefu wa mchezo huo huwaambia wanaoanza wakae kwenye kasi 7 au chini mpaka wafikishe mita 75 hivi, tena wachukue zilizo nyepesi, gramu 150 na kitu badala ya 175. Nyepesi hutoka mkononi kwa mwendo zaidi na hukaa hewani zaidi.

Mpaka upepo uingie. Na Mombasa upepo haupumziki. Ufuo wetu umeelekea mashariki, kwa hiyo kaskazi ya Desemba hadi Machi hutoka baharini, na kusi ya katikati ya mwaka nayo hutoka baharini. Ukisimama Shelly Beach ukatazama maji, karibu mwaka mzima unatazama upepo. Sahani nyepesi iliyorushwa dhidi ya upepo huo huona hewa ikipita kwa kasi kuliko mkono ulivyoipa, hujidhani imerushwa na bingwa, hulalia kulia na kupinduka. Siku ya kusi kali, chukua iliyo ngumu kidogo kupinda, au ugeuke urushe kuelekea minazi.

Kisahani cha riadha kina tabia tofauti, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Chenyewe hupenda upepo wa mbele, kama ndege zinazopaa pale Port Reitz zikiukabili upepo ili mabawa yapate hewa ya kutosha. Tuseme kisahani kimetoka mkononi kwa mita 15 kwa sekunde na upepo wa mita 5 unakijia. Hewa inapita juu yake kwa mita 20. Nguvu ya kuinua hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo imeongezeka karibu mara 1.8. Ukinzani nao umeongezeka, lakini uzito wa kilo moja au mbili haukatishwi safari upesi kama gramu 170 za plastiki. Mykolas Alekna wa Lithuania alirusha mita 75.56 huko Ramona, Oklahoma, Aprili 2025, mahali wazi ambako warushaji hufuata upepo kwa makusudi. Mwaka mmoja nyuma, hapohapo, alikuwa ameivunja rekodi ya Jürgen Schult ya mita 74.08 iliyodumu tangu 1986. David Wiggins aliyeirusha sahani ya gofu mita 338 katika jangwa la Nevada mwaka 2016, yeye aliutaka upepo mgongoni.

Kwenye mkuki habari ni hiyohiyo. Watengenezaji huuandika umbali unaokusudiwa, mita 60, 70, 80 na kuendelea, na mkuki wa 80 mikononi mwa anayerusha 45 hudondoka kama ufagio. Julius Yego, aliyejifunza kurusha kwa kutazama video za YouTube na kutwaa dhahabu ya dunia Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72, anastahili mkuki wa watu wa 90. Kijana wa Kisauni anayeanza mwezi huu hastahili, na si matusi.

Kwa hiyo nikiulizwa na mwalimu mwenye bajeti ya visahani viwili, nitamjibu hivi: chukua cha ukingo wa asilimia 70 hadi 75, na cha pili kiwe kama hicho. Cha asilimia 85 kinunuliwe siku mtoto atakapokuwa anatoa kisahani kimelala, hakitikisiki, mara kumi kati ya kumi. Namna ya kumpima ni rahisi: chora mstari kwa chaki katikati ya kisahani, simama nyuma ya mrushaji, tazama kama ukingo unabaki uzi mmoja mwembamba au unafumba na kufumbua kama jicho. Ukifumba na kufumbua, shida iko kwenye kidole cha shahada. Mwache akirushe juu wima na kukidaka, au akibingirishe ardhini kwa kukitolea kidole hicho, mpaka mkono uzoee.

Na vile vya mbao vilivyoshika kutu, mwalimu, usivitupe stoo. Sheria za riadha hupima uzito, kipenyo na unene. Hakuna kifungu kinachodai uzito ukae ukingoni. Vikipigwa msasa, vikatimiza kilo moja kwenye mizani na vipimo hivyo vingine, vinaruhusiwa mashindanoni.