Kabla Hujalipia Chumba cha Wewe na Mbwa Wako

Mwezi jana tulifunga safari ya Naro Moru, sisi wanne wa ofisini pamoja na Simba, mbwa wa mwenzetu. Jina ni kubwa, lakini mwenyewe anaogopa paka.

Kupata nyumba ya wageni inayokubali mbwa si rahisi. Wengi ukiwauliza wanacheka kwanza. Kwa hivyo tulipoona mtandaoni picha ya mbwa amelala barazani, Mlima Kenya ukionekana nyuma yake, tulifurahi kupita kiasi. Mwenye tangazo akasema wateja ni wengi, tutume 2,500 saa hiyo hiyo, "na ya kutoa." Mwenzetu akatuma. Jina lililotokea kabla ya kuweka PIN halikufanana na la nyumba wala la huyo mtu, lakini haraka ilikuwa imemshika. Baadaye simu ikawa haishikwi. Tuliomba muamala urudishwe, tukajibiwa pesa zilishatolewa. Ndiyo, hata sisi tunaofundisha watu mambo haya.

Kuna wenye nyumba waaminifu wanaotumia namba ya kawaida, hatukatai. Lakini ukisikia "na ya kutoa," omba till au paybill. Jina likija tofauti na uliloambiwa, bonyeza kughairi. Chumba kingine kitapatikana.

Chetu kilipatikana siku mbili baadaye. Mama mwenye nyumba alitutumia till, jina likalingana, kisha akauliza mambo ambayo yule wa kwanza hakuyagusa: mbwa ana cheti cha chanjo ya kichaa? Analala ndani au nje? Akaomba pia 1,500 ya uharibifu, ya kurudishwa tukiondoka. Tulimwomba aandike hayo kwenye meseji, naye hakukasirika.

Jambo moja linawashangaza wengi: mbwa haruhusiwi kuingia Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya, kwa kuwa anaweza kuwaambukiza wanyamapori magonjwa. Usimfikishe hadi langoni ukitumaini askari atakuonea huruma. Na usibebe noti za kiingilio. KWS hulipwa kupitia eCitizen, kwa hivyo lipia ukiwa bado na mtandao mzuri. Sisi tuligawana. Wawili walipanda hadi Met Station, mita 3,050, wakarudi wakitetemeka. Waliobaki walitembea na Simba, kamba mkononi, kwenye njia za kijijini hadi karibu na mto. Kusema kweli, wa pili ndio walifurahia zaidi.

Usiku baridi ilikuwa kali, Simba akatafuna blanketi. Asubuhi mama alilikagua, tukakubaliana 800. Kabla hatujapanda matatu, simu ya mwenzetu ikalia: 700 zimeingia, na jina la nyumba liko pale pale.