Jina la Muhumusa katika Hadithi ya Kihistoria

Mtungaji atakaye kuandika hadithi ya kihistoria juu ya Muhumusa hupatwa na shida ya lugha kabla hajafikia shida ya habari. Amwite malkia, mganga, au mchawi? Kila neno huja na hukumu yake.

Habari zenyewe zatosha. Muhumusa alidai kuwa mjane wa Rwabugiri, mfalme wa Ruanda aliyefariki mwaka 1895, na kwamba ufalme ulikuwa haki ya mwanawe. Wadachi walimkamata mwaka 1909, wakamweka Bukoba. Mwaka 1911 alitokea Ndorwa, upande wa Waingereza, akakusanya wafuasi. Mwezi wa Septemba alishambuliwa, akajeruhiwa mguu, akakamatwa na kupelekwa Kampala, alikokaa mpaka alipofariki mwaka 1945.

Kwa wafuasi wake alikuwa omugirwa, yaani mtu aliyeshikwa na Nyabingi akawa kinywa chake. Neno hilo halina mwenzi kamili katika Kiswahili. Mganga hutibu; nabii ni mtu wa vitabu vya dini. Mchawi ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa lilikuwa na nguvu ya sheria: Uganda ilitunga sheria ya uchawi mwaka 1912, nayo ilitumiwa juu ya wahudumu wa Nyabingi. Mtungaji amwitaye Muhumusa mchawi kwa kinywa chake mwenyewe, si kwa kinywa cha bwana shauri aliyemo hadithini, huwa ameinakili hati ya mashitaka. Afadhali alibakize omugirwa, alieleze mara moja, kisha aliachie lifanye kazi. Jina la mwanamke mwenyewe nalo lina faida. Katika Kinyankore, okuhumuza ni kutuliza, kupumzisha. Na kwa kuwa h ya huko mara nyingi hulingana na p ya Kiswahili (okuha, kupa), undugu wake na pumua na pumzisha waonekana wazi.

Karagwe, ambayo Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kwake mwaka 2012, ina sehemu katika hadithi hii. Mapokeo mengine husema kwamba Nyabingi alikuwa mwanamke mtawala wa Karagwe aliyeuawa, roho yake ikarudi kudai haki. Mengine humweka Ndorwa. Kwa bahati mbaya wengi huwajua wanawake wa Karagwe kwa kitabu cha Speke tu, aliyefika kwa Rumanika mwaka 1861 akawapima wanawake wanene wa jamaa ya mfalme, kana kwamba kazi yao ilikuwa kukaa.

Njia ya kutoka Bukoba hadi Ndorwa mtungaji aweza kuibuni, pamoja na wenyeji na mazungumzo. Tarehe asiziguse. Wala asiiruke miaka 34 ya Kampala kwa sababu haina vita. Mwaka 1916 Waingereza waliteka Bukoba, alikofungwa kwanza. Adui wake mmoja alikuwa amemfukuza mwenziwe, naye Muhumusa hakurudishwa kwao.