Kabla ya Kuripoti Kazini

Kila mwananchi wa Mbulu na Hanang aliyepata kusimama mbele ya dirisha la ofisi ameyasikia maneno haya matatu: "Mtandao unasumbua, subiri." Mama aliyeondoka kwake alfajiri na mtoto mgongoni huambiwa kuwa namba ya malipo haiwezi kutolewa. Mkulima aliyefunga safari kutoka Basotu hadi Katesh kulipa ushuru huambiwa arudi kesho. Wote wawili hawaulizi mtandao ni kitu gani. Humtazama tu yule kijana aliyeajiriwa kuushughulikia, na kama kijana huyo naye ameduwaa, basi siku imekwisha.

Leo twapenda kusema na kijana huyo, na hasa yule ambaye bado hajaanza kazi. Ameshika barua ya ajira mkononi, amebakiwa na majuma mawili au matatu, na moyoni anajua kwamba cheti chake kinasema mengi kuliko anayoyaweza. Hali hiyo si aibu. Aibu ni kuripoti kazini ukiwa nayo vile vile, hali muda wa kujifunza ulikuwapo.

Asijaribu kuyasoma yote. Vitabu vya mtandao ni vinene, na karibu vyote vimeandikwa kwa Kiingereza cha mafundi. Yampasa kwanza ayajue machache yanayohitajika asubuhi ya kwanza, tena ayajue kwa mikono yake.

La kwanza ni anwani. Kila kompyuta katika ofisi ina anwani ya tarakimu, kama vile 192.168.1.20. Sehemu ya mbele ya anwani hiyo ni kama jina la kijiji, na sehemu ya mwisho ni kama nyumba. Zipo tarakimu nyingine, kwa kawaida 255.255.255.0, ambazo kazi yake ni kuonyesha kijiji kinaishia wapi na nyumba inaanzia wapi. Kompyuta ikitaka kusema na jirani wa kijiji kimoja humwendea moja kwa moja kwa njia ya swichi. Ikitaka kusema na wa mbali, hupeleka ujumbe langoni. Na lango hilo ndilo ruta. Anayeyaelewa haya, asichanganye swichi na ruta, amekwisha kuvuka mto mkubwa.

Ujumbe wenyewe hauendi mzima. Hukatwa vipande vidogo, kila kipande kikabeba anwani ya kutoka na ya kwenda, na vipande vyaweza kupita njia mbalimbali kisha vikaungwa tena mwishoni. Kanuni za kuunganisha mitandao ya namna hii ziliandikwa na Wamarekani wawili, Vint Cerf na Bob Kahn, mwaka 1974. Kwa bahati ya ajabu, mwaka huo huo ndio Serikali yetu ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mashine zilizowekwa Wizara ya Fedha, ya kwanza ikiwa ya mwaka 1965, kuleta hasara na matatizo katika hesabu. Hatulaumu, waliouguzwa na mashine walikuwa na haki ya kuiogopa. Lakini wakati wenzetu wa ng'ambo walipokuwa wakijifunza kuziunganisha kompyuta, sisi tulikuwa hatuna za kuunganisha, na kijana wa Dongobesh anayejifunza leo analipa sehemu ya deni hilo.

La pili ni kupima. Ipo amri iitwayo pingi, na kwa Mswahili ni rahisi kuielewa, kwa sababu kazi yake ni kupiga hodi. Kompyuta yabisha kwenye anwani fulani na kungoja iitikiwe. Siku mtandao unaposumbua, kijana asikimbilie kuzima na kuwasha kila kitu. Abishe hodi kwanza kwake mwenyewe, 127.0.0.1. Kisha langoni, kwenye ruta. Kisha kwenye anwani ya mbali nje ya ofisi. Mwisho abishe kwa kutumia jina la tovuti badala ya tarakimu. Lango likiitika na wa mbali asiitike, kosa limo baina ya ruta na kampuni ya simu. Anwani ya mbali ikiitika lakini jina lisiitike, basi ile huduma ya kugeuza majina kuwa tarakimu ndiyo mgonjwa. Na akikuta kompyuta ina anwani inayoanza na 169.254, ajue kwamba iliomba anwani na hakuna aliyeipa, ikajichukulia yenyewe.

Tazama faida yake. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani kadhaa. Mbulu iko mbali sana na bahari, hata hivyo mtumishi wa huko naye aliguswa, kwa kuwa habari itokayo Manyara hupita Mkongo wa Taifa hadi pwani, kisha huzama chini ya bahari ndipo ifike ng'ambo. Siku kama ile fundi asiyejua kupima hufungua ruta nzima, hubadilisha mipango iliyokuwa sawa, na mkongo unapotengemaa ofisi yake peke yake hubaki gizani. Anayejua kupima huwaambia wakubwa wake kwa dakika tano: "Kwetu ni salama, kosa liko nje, mashine za kuchapa na seva iliyomo ndani ya jengo zaendelea kufanya kazi." Maneno hayo hayaponyi mkongo, lakini yule mama mwenye mtoto anaweza kuandikishwa kwenye seva ya ndani badala ya kurudishwa nyumbani.

La tatu ni waya, nalo hudharauliwa na wasomi. Ndani ya waya wa mtandao mna nyaya 8, na mpangilio unaotumika sana ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kijana anunue mita chache za waya, plagi kumi na koleo la kubania, akae kibarazani kwao na azifunge mpaka mkono uzoee. Ajue pia kwamba waya huo wa shaba mwisho wake ni mita 100; ukiuvusha hapo, hulegalega pasipo kufa kabisa, na ugonjwa wa namna hiyo hutesa kuliko kifo. Kutoka jengo hadi jengo yafaa kutumia faiba, kwa sababu faiba haipitishi umeme. Nyakati za mvua, radi ikipiga karibu, waya wa shaba uliotandazwa nje huiingiza mpaka ndani ya swichi.

Kwa upande wa redio, nchi yetu ina tabia zake. Minara hutaka kuonana uso kwa uso, na Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, haumpishi mtu. Penye kizuizi yabidi kuweka mnara wa katikati au kutumia setilaiti. Ile setilaiti isimamayo juu ya Ikweta iko karibu kilometa 36,000 kutoka hapa, hivyo swali kwenda na jibu kurudi huchukua karibu nusu sekunde hata kama vyombo vyote ni vizima. Asiyelijua hilo atavilaumu vyombo bure.

Kuna makosa mawili ya kibinadamu ambayo twamhakikishia kijana kwamba atayakuta. Mmoja wa watumishi ataleta ruta ya nyumbani kwake na kuichomeka ukutani. Ruta hiyo itaanza kugawa anwani zake, na nusu ya ofisi itapotea. Mwingine, kwa nia njema ya kusafisha meza, ataona ncha ya waya imelala na kuichomeka kwenye swichi ile ile ambako ncha ya pili imechomekwa; ujumbe utazunguka bila mwisho na mtandao wote utakwama. Asigombe, afuate waya mmoja mmoja.

Akosaye vyombo asikate tamaa. Programu ya Packet Tracer hutolewa bure na kampuni ya Cisco, nayo humwezesha mtu kujenga ofisi nzima kwenye kioo cha kompyuta moja, kuiharibu na kuitengeneza. Tena daftari lake aliandike kwa Kiswahili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwisha kuonyesha mwaka 2004, kwa Jambo OpenOffice, kwamba programu yaweza kusema lugha yetu; na jambo ulilolieleza kwa lugha ya mama yako ndilo umelielewa.

Wakuu wa ofisi nao tuna neno nao. Si haki kumwajiri kijana Jumatatu na kumdai miujiza Jumanne, pasipo kumpa ramani ya mtandao wala maneno ya siri ya vyombo, kwa kuwa fundi aliyetangulia aliondoka nayo kichwani. Pia wanunue diski ya akiba, na nakala ya kumbukumbu ikae mbali na jengo lenye seva. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa. Msiba ule ulikuwa wa watu, si wa mashine. Walakini watu waliobaki huhitaji kumbukumbu za matibabu, za ardhi na za mishahara, nazo zikiwa zote katika chumba kimoja tope haliulizi.

Basi, asubuhi ya kwanza kijana aende na daftari, kalamu na koleo lake. Kabla hajagusa chombo chochote achore mahali ruta ilipo, swichi zilipo, waya upi unakwenda chumba kipi, na anwani ya kila seva. Kisha abandike nakala ndani ya mlango wa kabati la vyombo, ambapo atakayemfuata ataiona.