NCLEX-PN: Mtihani wa Leseni ya Uuguzi wa Vitendo Nchini Marekani

NCLEX-PN ni mtihani wa kompyuta ambao mhitimu wa uuguzi wa vitendo nchini Marekani hana budi kuufaulu ili apewe leseni. Majimbo mengi humwita mwenye leseni hiyo LPN. California na Texas humwita LVN. Mtihani hutungwa na NCSBN, baraza la bodi za uuguzi lenye makao yake Chicago, ila leseni hutoka kwenye bodi ya jimbo. Mhitimu hutuma maombi kwa bodi, hulipia mtihani dola 200, kisha husubiri kibali. Jina la kwenye kibali lazima lilingane na la kwenye kitambulisho. Waliotoka Afrika Mashariki na majina matatu wahakikishe jambo hili mapema.

Watahiniwa hawapewi maswali yaleyale. Tangu 1994, kompyuta hupima majibu yaliyotangulia na kuchagua swali linaloendana na uwezo wa mtahiniwa. Kwa kawaida husimama inapokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba yuko juu au chini ya kiwango cha kufaulu. Mmoja huishia maswali 85, mwingine 150, na idadi hiyo pekee haisemi nani amefaulu. Muda ni saa 5, na swali lililokwisha kujibiwa halirudiwi.

Ugumu wenyewe uko kwenye uamuzi. Tangu Aprili 2023 mtihani una visa vya wagonjwa, kila kimoja na maswali sita: kutambua dalili, kuzichambua, kupanga lipi lina uzito, kutafuta njia, kutenda, na kupima matokeo. Tuseme wagonjwa wawili wanahitaji huduma kwa wakati mmoja: mmoja analalamikia maumivu ya mguu uliovunjika jana; mwingine katoka kufanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo na pumzi yake imeanza kukwaruza. Wa pili ndiye wa kwanza, kwa kuwa njia yake ya hewa huenda inaziba.

Halafu lipo suala la mipaka ya kazi, na hapa wengi wenye maarifa ya kutosha hupoteza alama. Tathmini ya kwanza ya mgonjwa aliyelazwa sasa hivi ni ya muuguzi aliyesajiliwa, RN. Muuguzi wa vitendo hukusanya taarifa, hutoa dawa, hufuatilia wagonjwa ambao hali zao zimetulia, na huripoti mabadiliko. Akihesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima kabla ya kumpa mtu mzima dawa ya moyo ya digoxin na kukuta yako chini ya 60, huzuia dozi na kutoa taarifa.

Kwa hiyo kukariri vitabu hakutoshi. Kinachosaidia zaidi ni kujibu maswali kila siku, kisha kusoma maelezo ya kila jibu, hata lile lililopatikana, maana jibu sahihi lililobahatishwa huficha pengo. Hesabu za dozi zifanywe mpaka ziwe nyepesi.

Asiyefaulu hupewa ripoti inayoonyesha, eneo kwa eneo, alikokuwa juu, karibu au chini ya kiwango. Anaweza kurudia baada ya siku 45, jimbo lake likiruhusu, na marudio yaanzie kwenye maeneo aliyokuwa chini.