Sanduku Lisilale

Hapa Wete, kisiwani Pemba, ukikitaja kifungu cha 82 cha Sheria ya Uchaguzi ya Zanzibar ya 2018, hata muuza pweza atakuuliza uko upande gani. Kifungu hicho kinaruhusu kura ya mapema: wasimamizi wa vituo, wajumbe na watendaji wa Tume ya Uchaguzi, askari watakaokuwa kazini na wengine wenye kazi za ulinzi hupiga kura siku moja kabla ya wananchi wote. Mimi nakipinga, ingawa niliwahi kuwa miongoni mwa watu kinaosemekana kuwasaidia.

Nilikuwa mwalimu wa skuli, na walimu ndio huitwa kusimamia vituo. Shida yao naijua. Unapangiwa kituo mbali na kwenu, unafika alfajiri, unawaonesha mawakala sanduku tupu, unalifunga kwa lakiri na kuisoma namba yake kwa sauti nao waiandike. Kutwa nzima unawatia wenzako wino kidoleni, na jina lako limo kwenye daftari la jimbo jingine. Kwa hiyo hoja ya serikali si ya kuzua. Ghana nako askari na maofisa wa uchaguzi hutangulia kupiga kura.

Lakini kazi ile ile ndiyo iliyonionesha kinachomfanya mtu akubali kushindwa. Vituo vikifungwa, kura humwagwa mezani pale pale. Karatasi inainuliwa moja moja, wakala wa kila chama anaiona na kuipiga alama kwenye daftari lake, kisha wote wanatia saini fomu ya matokeo. Aliyeshindwa anarudi nyumbani na hesabu yake mfukoni. Kwa kura ya mapema, sanduku linalala kabla halijahesabiwa. Na wanaolilinda usiku ule ni askari, ambao nao wamo kati ya waliopiga kura hiyo. Halafu kuna orodha ya wanaostahiki. Chama kisipoipata mapema kikaikagua jina kwa jina, kitajuaje kuwa aliyepiga kura Jumanne hatarudi Jumatano?

Mgeni anaweza kuona sisi Wapemba tuna shaka iliyopita kiasi. Naye azitazame tarehe. Januari 2001 waandamanaji waliodai uchaguzi wa 2000 urudiwe walipigwa risasi Wete, Micheweni na Chake Chake, na watu zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Kabla ya uchaguzi wa 2005 majimbo ya Pemba yalipunguzwa kutoka 21 hadi 18. Mwaka 2009 wakaazi waliokosa kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi walikataliwa kuandikishwa, na uandikishaji ukasimama kwa vurugu. Oktoba 2015 mawakala walikuwa na fomu zao zilizosainiwa mikononi, na bado mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, akaufuta uchaguzi wote.

Kura ya mapema ilitumika mara ya kwanza tarehe 27 Oktoba 2020. Usiku wa kuamkia siku hiyo Pemba haikulala. Chama cha upinzani cha ACT-Wazalendo kilisema watu wameuawa kwa risasi, polisi wakakanusha. Kulipokucha, mgombea wake wa urais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe hapa Pemba, alikwenda kituo cha Garagara, Unguja, akitaka naye apige kura siku hiyo. Akakamatwa. Miaka mitano baadaye, tarehe 28 Oktoba 2025, kifungu kikatumika tena, ingawa ACT-Wazalendo na mgombea wake wa urais mwaka huo, Othman Masoud Othman, walikwishadai kiondolewe.

Njia nyingine ipo, tena rahisi. Walimu wako kila pembe ya kisiwa hiki. Msimamizi apangiwe kituo alichoandikishwa, apige kura yake asubuhi mbele ya mawakala kabla foleni haijaanza kusogea. Askari wapangiwe hivyo hivyo, waachiane zamu. Akibaki mtu ambaye kweli hawezi, jina lake libandikwe kwa sheha, kiongozi wa mtaa, wiki mbili kabla, na mawakala waruhusiwe kukesha na sanduku mpaka lifunguliwe. Kifungu hiki kilipitishwa na Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Wawakilishi wetu wa Pemba waende wakapeleke hoja ya kukifuta sasa, wasingoje uchaguzi wa 2030 ukaribie.