KAZI SAWA, MSHAHARA SAWA: FUNZO LA WANAWAKE WA DAGENHAM



Kisiwani Chisenga, katika Ziwa Mweru, kazi ya wale dagaa tunaowaita chisense haiishi mtumbwi unapofika ufukoni. Akina mama ndio wanaowaanika, kuwageuza juani na kuwaokoa mvua inapotanda. Wakikosea, jasho la mvuvi limeoza. Hata hivyo kazi hiyo huitwa "kusaidia" tu. Tuliikumbuka tulipotazama filamu iitwayo Made in Dagenham, iliyotoka mwaka 2010.

Filamu hiyo yasimulia mgomo wa kweli katika kiwanda cha magari cha Ford huko Dagenham, London, ingawa kiongozi tunayemwona, Rita O'Grady, ni mtu wa kubuniwa. Mwaka 1968 wanawake 187 walikuwa wakishona vifuniko vya viti kwa cherehani. Walipimwa ustadi kabla ya kuajiriwa. Wakiisha kuajiriwa, waliwekwa daraja B, la wasio na ustadi, tena kwa asilimia 85 ya mshahara wa mwanamume wa daraja hilo hilo. Tarehe 7 Juni waliacha cherehani zao. Pasipo viti hakuna gari, kiwanda kikasimama.

Baada ya wiki tatu na mazungumzo na Waziri Barbara Castle, walirudi kazini kwa asilimia 92. Mwaka 1970 Bunge la Uingereza likapitisha Sheria ya Malipo Sawa.

Filamu yaishia kwenye shangwe. Lakini daraja B lilibaki pale pale! Iliwabidi wagome tena, na mwaka 1984 ndipo walipotambuliwa kuwa mafundi. Miaka 16!

Funzo ndilo hilo. Mwajiri hana haja ya kuandika kwamba mwanamke alipwe kidogo. Humtosha kuiita kazi yake nyepesi. Zambia iliridhia Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 1972, na sheria yake ya ajira ya mwaka 2019 yaamuru malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Basi mchuma chai, mpalilia shamba na mshonaji wa kiwandani waulize katika mkutano wa tawi: daraja langu limepangwa na nani, kwa kipimo gani?

Na wanaume tusikae kimya. Mshahara mdogo wa dada ndio fimbo ya kumpigia kaka.

Umoja ni nguvu!