Inchi 17 za Kukalia

Kiti cha daraja la kawaida ndani ya Boeing 737 kina upana wa inchi 17 hivi kutoka kiegemeo cha mkono hadi kiegemeo, yaani sentimita 43. Mimi ni fundi wa nguo za kike hapa Dar es Salaam, na inchi ndizo ninazoishi nazo kutwa. Katika daftari langu la vipimo, mteja mwenye hipsi inchi 46 si mtu wa ajabu. Wako wengi, na sehemu kubwa yao ni wafanyabiashara wanaopanda ndege kufuata mzigo. Akisimama namzungushia futi, naandika. Akikaa mwili unatanuka, ndiyo maana sketi ya kubana lazima iachiwe nafasi, la sivyo itafumuka siku ya kwanza akiwa ukumbini. Mwanamke huyo akikaa anataka inchi 18 au zaidi.

Mabega nayo yana habari yake. Sisi mafundi hupima bega mfupa kwa mfupa, lakini kwenye ndege mtu anakaa pamoja na mikono yake. Pima kutoka nje ya mkono huu hadi nje ya mkono ule, utaona wanaume wengi, hata wasio na kitambi, wanapita inchi 17. Kwa hiyo kiti hicho hakiwatoshi hata wale wanaohesabiwa kuwa wa kawaida. Mabega yakimwingilia jirani, hakuna anayeambiwa alipe nauli mbili. Hipsi zikimwingilia, anaambiwa.

Watu huzungumza kana kwamba upana wa kiti uliumbwa pamoja na ndege. Haukuumbwa, ulikatwa. Upana wa kiwiliwili cha 737 ulirithiwa kutoka Boeing 707, ndege ya miaka ya 1950. Ikapangwa watu 6 kwa safu, na hadi leo 737 MAX zinatoka kiwandani na upana uleule. Airbus walipotengeneza A320 walipanua kiwiliwili kidogo, na watu 6 walewale wakapata karibu inchi moja zaidi kila mmoja. Mfano ulio wazi zaidi ni Boeing 777. Ilipoanza kubeba abiria mwaka 1995, mashirika mengi yalipanga viti 9 kwa safu katika daraja la kawaida. Miaka ilivyokwenda, mengi yakahamia viti 10. Ndege haikunenepa. Kitambaa ni kilekile, ila mtu kaamua kutoa gauni kumi mahali pa tisa, na kila gauni limepungua. Kiti kilichokuwa inchi 18 na nusu kikawa 17. Safu kumi za namna hiyo ni abiria kumi zaidi katika kila safari, na hapo ndipo faida ilipo. Naielewa hesabu hiyo, nami nafanya biashara. Nisichokubali ni kwamba, baada ya kupunguza kiti, lawama iwekwe kwenye mwili wa abiria.

Hapa Tanzania mtu anaweza kuona tofauti bila kutoka nje ya nchi. Air Tanzania ina 737 MAX 9, ina pia Airbus A220-300, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza Afrika kurusha A220. Ndani ya A220 abiria hukaa 5 kwa safu, wawili upande mmoja na watatu upande wa pili. Viti vina upana wa inchi 18 na nusu hivi, na kile cha katikati cha wale watatu hufika 19. Waliobuni ndege hiyo walimfikiria hasa mtu wa katikati, yule ambaye kila mahali hubanwa. Kumbe inawezekana.

Wifi yangu huuza vitenge na mashuka, na husafiri kwenda Dubai. Safari moja aliamua kununua viti viwili kwa fedha yake ili asimbane mtu. Alilipa nauli mbili kamili. Alipofika kaunta akapewa kiti kimoja safu ya 14 na kingine safu ya 22. Binti wa kaunta alimjibu kwa upole tu, “Mama, mfumo ndio umepanga hivyo.” Wifi akamwambia, “Mwanangu, nimelipa ili nisimbane mwenzangu. Nisaidieni.” Foleni nyuma yake ilikuwa ndefu na watu walikuwa wanasikiliza kila neno. Walipofika ndani ya ndege kijana mmoja alikubali kuhama, wakamsogezea vile viti viwili pamoja. Fedha ya kiti alichokipigania hivyo haikurudi, na hakuna aliyemwomba radhi.

Baadaye wakala mmoja wa tiketi alinieleza kilichotokea. Kiti cha ziada kina utaratibu wake: kwenye mfumo huandikwa kwa alama EXST karibu na jina la msafiri, ili kompyuta ijue kwamba viti hivyo ni vya mtu mmoja. Ukikata tiketi mbili mtandaoni kwa jina lilelile, mfumo unaweza kuziona kama watu wawili, au kama kosa la kurudia. Na wakati wa kupanda, pasi zote mbili lazima zisomwe kwenye mashine. Isiposomwa ya pili, kiti huonekana kitupu, na abiria anayesubiri nafasi anaweza kupewa.

Nchi iliyonipa moyo katika jambo hili ni Kanada. Linda McKay-Panos, mwanasheria wa Calgary, alilalamika kuhusu safari aliyoifanya na Air Canada mwaka 1997, akabanwa kitini na kuumia kwa fedheha. Baadaye mamlaka ya usafiri ya nchi hiyo ilimwambia kwamba, kwa tafsiri yao ya sheria, hana ulemavu. Hakunyamaza. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ya Shirikisho ikasema walikosea, kwamba akiwa ndani ya ndege mwili wake ulikuwa umewekewa kizuizi na hilo lilistahili kushughulikiwa. Kisha, tarehe 10 Januari 2008, mamlaka ileile ikatoa uamuzi katika shauri jingine lililofunguliwa na Baraza la Wakanada Wenye Ulemavu pamoja na watu wengine: mtu mmoja, nauli moja. Air Canada, Jazz na WestJet ziliamriwa kwamba katika safari za ndani ya nchi zisimtoze nauli ya pili mtu mwenye ulemavu anayehitaji msaidizi kando yake, wala mtu ambaye unene umemfikisha mahali pa kuhitaji kiti cha ziada. Mashirika yalipinga, yakashindwa, na Novemba 2008 Mahakama ya Juu ya Kanada ikakataa kusikiliza rufaa yao. Januari 2009 utaratibu ukaanza.

Mamlaka ilikuwa imepiga hesabu ya gharama: kama ingegawanywa kwa abiria wote, Air Canada ingehitaji senti 77 za Kanada kwa kila tiketi, na WestJet senti 44. Hesabu hiyo nimeirudia mbele ya wateja wengi na kila mara wananiuliza kama nina uhakika. Ndiyo, ninao. Jambo lililoonekana mlima kwa mtu mmoja liligeuka senti kwa wengi. Uamuzi huo una mipaka yake. Hauhusu safari za kimataifa, na abiria hutakiwa kuthibitisha hali yake kwa fomu ya daktari. Lakini umeliweka deni mahali pake, kwa aliyekata viti na wote wanaofaidika na nauli ya chini.

Marekani mambo yanaelekea upande mwingine. Shirika la ndege la Southwest kwa miaka mingi lilisifiwa kwa sababu abiria mnene alinunua kiti cha pili na kurudishiwa fedha baada ya safari, au aliomba kiti hicho uwanjani bila malipo. Mwaka 2025 lilitangaza kwamba kuanzia 27 Januari 2026 kiti cha ziada kinunuliwe mapema, na fedha zirudi tu kwa masharti, mojawapo likiwa ndege iwe imeondoka na viti vitupu. Abiria hawezi kujua mapema kama ndege itajaa. Kwa maneno mengine, anaweka fedha yake rehani kwa jambo lisilo mikononi mwake.

Kuna suala la usalama pia, na hili linamhusu hata mwembamba. Ndege mpya haipewi kibali mpaka ithibitike kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90 huku nusu ya milango ikiwa imefungwa. Mwaka 2018 Bunge la Marekani liliitaka mamlaka ya anga iweke kipimo cha chini cha viti ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita bila kipimo. Mamlaka ilifanya majaribio Oklahoma City kwa mamia ya watu, wote wazima wa mwili, wa umri wa miaka 18 hadi 60. Bibi wa miaka 70 hakuwemo. Mtoto hakuwemo. Mnamo 2022 wananchi walipoombwa maoni kuhusu vipimo vya viti, yalifika zaidi ya 26,000.

Watu hunijibu kwamba ndege inabeba uzito, kwa hiyo mzito alipe zaidi. Samoa Air ilijaribu hivyo mwaka 2013, ikatoza nauli kwa kilo. Katika ndege ndogo uzito ni jambo la kweli. Cessna ya kwenda Mafia lazima rubani ajue amebeba nini na nani amekaa wapi. Sina ugomvi na mizani. Ila ziko namna za kupima zinazolinda heshima: Air New Zealand ilipopima abiria huko Auckland mwaka 2023, namba haikuonekana kwa yeyote aliyesimama pale. Na uzito haujibu swali la upana. Kilo tano za ziada za sanduku hazimbani jirani.

Jirani naye ana haki. Amelipa kiti kizima, na kukaa saa tano umekunja mikono kifuani ni mateso. Nimewahi kukaa hivyo, na hasira yangu haikumwendea mama aliyekuwa kando yangu, ambaye alikuwa amejibana hadi pumzi zinasikika. Wote wawili tulikuwa tumeuziwa nafasi isiyotosha.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania inalo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, na ndiko ninakopeleka barua yangu mwezi huu. Naomba upana wa kiti uandikwe pale tiketi inapouzwa, kama uzito wa mzigo unavyoandikwa. Naomba kila kampuni iseme wazi jinsi ya kupata kiti cha ziada, bei yake, na fedha itarudi lini ndege ikiondoka na nafasi. Mkanda wa nyongeza wa kurefusha mkanda wa kiti uwekwe mkononi mwa abiria mlangoni kwa sauti ya chini, asilazimike kuuita mbele ya safu nzima. Na kwa safari za ndani naomba Baraza liisome hesabu ya Kanada, kisha liyatake mashirika yetu yatoe yao.